Sura ya Sita: Mafuta Yasemayo Basi

Kifua kikuu kikipanda kichwani, daktari hukabiliana na mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni bakteria, na hao dawa zao zinajulikana: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, zilezile anazomeza mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu. La pili ni mwili wa mgonjwa mwenyewe. Bakteria waliofika kwenye ubongo kwa kawaida ni wachache. Mtaalamu wa maabara anaweza kuyakagua maji ya uti wa mgongo kwa hadubini asimwone hata mmoja. Lakini wachache hao wanatosha kuuchokoza mwili. Chembe nyeupe za damu humiminika, utando unaofunika ubongo huvimba, na ute mzito hujikusanya kwenye kitako cha ubongo. Ute huo huziba njia za maji, kichwa kikajaa shinikizo. Hubana mishipa ya damu inayopita hapo, na kijana wa miaka ishirini na mitano akapata kiharusi ambacho tumezoea kukiona kwa wazee. Hivyo ndivyo mgonjwa anavyoweza kufariki katika wiki ya pili ya matibabu, huku dawa zikiendelea kuua bakteria kama zilivyokusudiwa.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa na jibu moja kwa jambo hili la pili: uvimbe uzimwe, tena haraka. Jibu hilo limeokoa watu wengi, na bado linaokoa. Hata hivyo ni nusu ya habari. Mwili wenyewe unajua kuumaliza uvimbe, na huumaliza kwa kutumia molekuli ndogo mno zinazotengenezwa kutokana na mafuta. Molekuli hizo zikikosekana, ubongo huumia. Zikija mapema kupita kiasi, ubongo huumia vilevile. Anayetaka kuilinda mishipa ya fahamu inabidi aijue kwanza hesabu hiyo.

Kilichomo ndani ya fuvu

Dalili nne za kidonda kinachopambana tumezirithi kutoka kwa Mroma Celsus, aliyeandika katika karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wataalamu huita hali hiyo mchochota. Ukijichoma mwiba mguuni utaziona zote nne kabla ya jua kuzama, na kwa kawaida ni dalili njema. Mishipa midogo ya damu imepanuka, maji yamevuja kwenda kwenye kidonda, na chembe nyeupe zimeitwa kuja kula uchafu na vijidudu.

Mguu una nafasi ya kuvimba, ilhali ubongo umefungiwa ndani ya mfupa. Kila tone la maji linaloongezeka ndani ya fuvu lazima limsukume mwenzake, na kinachosukumwa mwishowe ni ubongo wenyewe. Kisha kuna tatizo la pili. Chembe nyeupe huua kwa kemikali kali zisizobagua, na ngozi iliyochomwa na kemikali hizo huota nyingine. Seli nyingi za neva hazioti tena. Ndiyo maana mchochota ambao kwenye goti ungekuwa maumivu ya juma moja, kwenye ubongo unaweza kuwa ulemavu wa maisha.

Ubongo una walinzi wake wa kudumu, seli ziitwazo mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizitambulisha mwaka 1919. Siku za kawaida hizi ni seli za usafi: hunyoosha mikono yake huku na huko, huondoa seli zilizokufa, hupogoa miunganiko ya neva isiyotumika. Zikishtuliwa hubadilika umbo na tabia, zikaanza kumwaga kemikali za kuita msaada. Zikibaki katika hali hiyo kwa miezi na miaka, huziharibu neva zilizowekwa kuzilinda. Hali hiyo imeonekana katika ugonjwa wa Alzheimer, katika Parkinson, katika ubongo uliopigwa na kiharusi, na katika multipo sklerosisi, ugonjwa ambao mwili huubambua utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva.

Mafuta yanayobeba ujumbe

Kwamba mafuta ni chakula cha kuleta nguvu kila mpishi anajua. Kwamba yana kazi nyingine kabisa lilijulikana mwaka 1929, pale George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipowalisha panya chakula kilichoondolewa mafuta yote. Panya walikuwa na wanga wa kutosha na protini ya kutosha, lakini ngozi zao zilichubuka, mikia ikavimba, ukuaji ukasimama, na wengine wakafa. Kiasi kidogo tu cha asidi ya linoleiki, iliyomo katika mafuta ya mimea, kiliwarudishia afya. Kumbe yapo mafuta ambayo mwili hauwezi kuyaunda na hauwezi kuishi bila hayo.

Sababu moja ilifahamika baadaye, huko Uswidi. Katika miaka ya 1930 Ulf von Euler alikuta kwenye shahawa kitu kinachokaza misuli na kushusha shinikizo la damu; akakipa jina prostaglandini akidhani kinatoka kwenye tezi dume peke yake. Waliomfuata, Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Taasisi ya Karolinska, walionyesha kwamba prostaglandini hutengenezwa na karibu kila tishu ya mwili, na kwamba malighafi yake ni asidi ya arakidoni, mafuta yaliyojipanga kwenye ukuta wa kila seli. Seli ikiumia, kimeng'enya hukata kipande cha mafuta hayo, kimeng'enya kingine hukikunja, na baada ya muda mfupi ujumbe uko nje: mishipa ipanuke, maumivu yasikike, joto lipande.

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alieleza jinsi aspirini inavyofanya kazi, baada ya dunia kuimeza kwa zaidi ya miaka sabini bila kujua: huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Vane, Bergström na Samuelsson walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Samuelsson alikuwa amekwisha kutaja jamii nyingine ya jumbe zitokanazo na mafuta hayohayo, lukotrieni. Mmoja wa jamii hiyo, lukotrieni B4, ni mwito mkali sana wa kuziita chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili, zile za mstari wa mbele ambazo huwahi kufika, huua haraka na hufa haraka. Jina hilo tutalihitaji tena.

Kutokana na ugunduzi huo mafuta yalipata sifa ya uchochezi. Dawa zilizofuata, kuanzia ibuprofeni hadi nyingine za jamii yake, zilibuniwa kwa shabaha moja: kuziba mdomo wa mchochezi.

Nani huanua tanga

Swali ambalo wengi hawakuliuliza ni hili: mchochota humalizikaje? Jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba hujimaliza wenyewe. Vijidudu vikifa, kemikali za kuita msaada huyeyuka kidogo kidogo, chembe nyeupe zikakosa kazi, kidonda kikapona.

Sivyo. Mchochota humalizika kama msiba wa kwetu unavyomalizika. Waombolezaji hawajiondokei mmoja mmoja mpaka uwanja ukabaki mtupu. Siku ikifika wazee husimama, hutangaza kwamba tanga linaanuliwa, mikeka hukunjwa, na kila mtu hujua kwamba sasa ni kurudi nyumbani. Bila tangazo hilo watu wangebaki wanakula na kulala pale, na mfiwa angefilisika. Mwilini pia kuna watangazaji, na nao wameumbwa kwa mafuta.

Wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984. Charles Serhan, Mmarekani kijana aliyekuwa akifanya kazi Stockholm na Samuelsson na Mats Hamberg, alichanganya chembe nyeupe za damu na zao la asidi ya arakidoni akapata molekuli mpya, ambazo ziliitwa lipoksini. Kazi yake iligeuka kuwa kinyume cha lukotrieni. Lipoksini huzizuia nyutrofili zisiingie, kisha huita seli za aina nyingine, makrofaji, zije kwa utulivu kula maiti za nyutrofili na kusafisha uwanja.

Baadaye Serhan alihamia Boston, katika hospitali ya Brigham and Women's, akaendelea kufuatilia dakika kwa dakika kinachotokea katika mchochota wa panya. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha jambo lililobadilisha mtazamo wa fani nzima. Katika saa za mwanzo majimaji ya kidonda hujaa prostaglandini na lukotrieni. Lakini prostaglandini zilezile zilizoanzisha maumivu ndizo zinazozielekeza chembe nyeupe kubadili vimeng'enya vyake, ziache kutengeneza lukotrieni na zianze kutengeneza lipoksini. Yaani amri ya kumaliza imo ndani ya amri ya kuanza.

Madhara ya kutojua hilo yalikuwa yamekwisha kujitokeza huko London. Mwaka 1999 Derek Gilroy na wenzake waliwapa panya wenye mchochota wa utando wa mapafu dawa ya kuzuia kimeng'enya cha prostaglandini. Katika saa za mwanzo dawa ilipunguza uvimbe, kama ilivyotarajiwa. Ilipotolewa katika hatua ya mwisho, pale mwili ulipokuwa ukijimalizia kazi, mchochota ulirefuka. Dawa ileile ilisaidia asubuhi na kudhuru jioni.

Kufikia mwaka 2002 kundi la Boston lilikuwa limetaja jamii nyingine, rezolvini, ambazo hazitokani na asidi ya arakidoni bali na mafuta ya omega-3, yaani EPA na DHA, yanayopatikana kwa wingi katika samaki. Zikafuata protektini, na mwaka 2009 maresini. Zote zina sifa moja inayozitofautisha na dawa za kawaida za kutuliza uvimbe: hazimfungi askari mikono wakati adui bado yupo. Katika majaribio ya panya zimepunguza nyutrofili na wakati huohuo zimeongeza uwezo wa makrofaji kula bakteria.

Akiba ya DHA

Ubongo ni kiungo cha mafuta. Ukikaushwa maji yake, kiasi cha nusu ya uzito unaobaki, au zaidi, ni mafuta, na katika hayo DHA ina nafasi ya pekee. Ni mnyororo wa kaboni 22 wenye viungo sita vya mara mbili, na viungo hivyo huufanya uwe mlegevu sana. Ulegevu huo ndio unaotakiwa mahali ambapo protini lazima zigeuke na kusogea kwa kasi, kama kwenye maungio ya neva na kwenye seli za jicho zinazopokea mwanga.

Nicolas Bazan, mzaliwa wa Argentina, alianza kuyafuatilia mafuta haya mapema. Mwaka 1970 alionyesha kwamba ubongo wa panya ukinyimwa damu, au ukipigwa shoti ya umeme, asidi za mafuta hubanduka kutoka kwenye kuta za seli katika dakika za mwanzo kabisa. Miongoni mwake kuna asidi ya arakidoni na kuna DHA. Ya kwanza ilieleweka: ni malighafi ya uchochezi. DHA ilibanduliwa kwa kazi gani?

Jibu lilipatikana zaidi ya miaka thelathini baadaye, Bazan akiwa New Orleans na akishirikiana na Serhan. Mwaka 2003 na 2004 walieleza kwamba seli za ubongo na za jicho huigeuza DHA iliyobanduka kuwa molekuli ya jamii ya protektini, waliyoiita nyuroprotektini D1. Panya aliyezibwa mshipa wa ubongo, kisha akapewa molekuli hiyo, alipoteza sehemu ndogo zaidi ya ubongo kuliko mwenzake. Ndani ya seli molekuli hiyo huimarisha protini zinazoizuia seli isijiue, na hudhoofisha zile zinazoisukuma kujiua. Mwaka 2005 kundi hilohilo liliripoti kwamba katika ubongo wa watu waliokufa na Alzheimer, kwenye eneo la hipokampasi ambalo hutunza kumbukumbu mpya, nyuroprotektini D1 ilikuwa imepungua sana.

Hapa msomaji apige breki kidogo. Ubongo wa marehemu hautuambii kipi kilitangulia: huenda molekuli ilipungua neva zikafa, na huenda neva zilikufa ndipo molekuli ikapungua. Pia vipimo vyenyewe ni vigumu, kwa kuwa molekuli hizi huwa kidogo mno na hudumu muda mfupi. Mwaka 2022 wanakemia kadhaa, wengi wao wa Ulaya, walichapisha tathmini kali wakisema kwamba baadhi ya rezolvini na maresini zilizoripotiwa katika damu ya binadamu zilikuwa chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukithibitisha. Mjadala huo ni wa kweli na haujafungwa. Haufuti majaribio ya panya, lakini unatutaka tutofautishe kinachowezekana na kilichothibitishwa kwa mtu.

Kutoka tangi la samaki hadi wodi ya Ho Chi Minh

Mahali ambapo habari hii ya mafuta imemfikia mgonjwa wa neva kwa karibu zaidi ni palepale tulipoanzia: kifua kikuu cha ubongo.

Katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, Lalita Ramakrishnan na David Tobin walikuwa wakiwafuga samaki wadogo wenye milia ambao wakiwa wachanga huonekana ndani kama kioo. Waliwaambukiza bakteria ambaye ni binamu wa yule wa kifua kikuu, kisha wakaangalia kwa hadubini vita vikiendelea ndani ya samaki aliye hai. Baadhi ya samaki walizidiwa upesi. Watafiti walipochunguza sababu, walifika kwenye jeni ya kimeng'enya kimoja, LTA4H, ambacho kazi yake ni kutengeneza lukotrieni B4. Samaki asiye na kimeng'enya hicho hakuishia tu kukosa mwito wa kuita askari. Malighafi iliyobaki ilielekezwa upande wa pili, ikawa lipoksini, na lipoksini ikatangaza mwisho kabla ya mapambano kuanza. Bakteria wakazaliana ndani ya makrofaji mpaka zikapasuka. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 2010.

Miaka miwili baadaye walileta upande wa pili wa mizani. Samaki aliyepewa kimeng'enya kingi kupita kiasi naye alizidiwa. Kwake uchochezi ulikuwa mwingi mno, makrofaji zikafa kwa ukali wa kemikali zake zenyewe, na bakteria wakatoka nje wakastawi. Samaki wawili, ugonjwa mmoja, na ukiwaangalia kwa nje hawana tofauti. Lakini kinachomponya mmoja ndicho kinachomuua mwingine.

Je, binadamu naye yuko hivyo? Watafiti waligeukia Vietnam, ambako mwaka 2004 Guy Thwaites na wenzake walikuwa wamechapisha jaribio mashuhuri la wagonjwa 545 wa kifua kikuu cha ubongo. Nusu walipewa steroidi iitwayo deksamethasoni pamoja na dawa za kifua kikuu, na nusu dawa bandia. Vifo vilishuka kutoka asilimia 41.3 hadi asilimia 31.8, ingawa ulemavu mkubwa miongoni mwa waliopona haukupungua. Sasa jeni ya LTA4H iliangaliwa kwa wagonjwa wa nchi hiyo. Wenye aina ya jeni inayotengeneza kimeng'enya kingi ndio waliofaidika sana na steroidi. Wenye aina inayotengeneza kidogo hawakuonyesha faida, na ilishukiwa kwamba huenda waliumizwa. Steroidi huzima uchochezi wote bila kuuliza. Mwenye uchochezi mdogo inamnyang'anya hata ule aliokuwa akiutegemea.

Ingekuwa hadithi, tungeishia hapo na kila hospitali ingepima jeni. Utafiti hauendi hivyo. Uchunguzi wa Bandung, Indonesia, uliochapishwa mwaka 2017 haukuona uhusiano huo kati ya jeni na vifo. Mwaka 2023 jaribio la Vietnam na Indonesia kwa watu wazima 520 wenye VVU na kifua kikuu cha ubongo lilionyesha vifo vya asilimia 44.1 kwa waliopata deksamethasoni na asilimia 49.0 kwa waliopata dawa bandia, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haiwezi kutenganishwa na bahati. Kwetu Afrika Mashariki matokeo hayo yana uzito, kwa sababu wagonjwa wengi wa aina hii huwa na VVU. Miongozo ya tiba bado inashauri steroidi, na ni sawa ishauri. Kinachobaki ni kutafuta kitu chenye akili zaidi ya kuzima kila taa ndani ya nyumba.

Aspirini yenye sura mbili

Kitu hicho huenda kiko kwenye kabati la dawa la kila nyumba. Mwaka 1995 Joan Clària na Serhan waligundua kwamba aspirini haikiui kabisa kimeng'enya cha prostaglandini kiitwacho COX-2. Hukibadilisha umbo, na kikiwa katika umbo hilo jipya huanza kutoa malighafi ya aina ya lipoksini inayodumu zaidi ya ile ya kawaida. Katika jamii yake hakuna dawa nyingine inayojulikana kufanya hivyo kwa namna ileile. Ibuprofeni huziba mlango. Aspirini huugeuza uelekee kwingine.

Katika jiji la Ho Chi Minh wagonjwa 120 wa kifua kikuu cha ubongo wasio na VVU waligawanywa katika makundi matatu: dawa bandia, aspirini miligramu 81 kwa siku, na aspirini miligramu 1,000 kwa siku. Wote waliendelea na dawa za kifua kikuu na deksamethasoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa jumla ya wagonjwa tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Kwa wale ambao kifua kikuu kilithibitishwa na maabara, dalili ilikuwa ya kutia moyo: kiharusi kipya au kifo katika siku 60 kilimpata karibu mmoja kati ya watatu waliokuwa kwenye dawa bandia, na takriban mmoja kati ya kumi kwenye dozi kubwa. Lakini jambo linalohusu sura hii lilikuwa ndani ya maji ya uti wa mgongo. Kadiri dozi ilivyopanda, thromboksani, ujumbe wa mafuta unaogandisha damu, ilishuka, na protektini zikaongezeka. Zile zilizoonekana kwa panya wa New Orleans zilikuwa zimeonekana kwa mgonjwa kitandani.

Utafiti wa watu 120 hauandiki mwongozo wa tiba. Ndiyo maana majaribio makubwa zaidi yalipangwa, na Afrika ikawemo. Jaribio la INTENSE-TBM liliandaliwa Côte d'Ivoire, Madagaska, Afrika Kusini na Uganda kupima aspirini pamoja na dozi kubwa ya dawa za kifua kikuu. Jaribio la SURE, la watoto, nalo liliihusisha Uganda. Mtu asiisome habari hii akaenda kumpa mgonjwa wake aspirini nyumbani. Aspirini huweza kutoboa tumbo na kuvujisha damu, na kwa mtoto mwenye homa ya virusi inaweza kuleta ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Dozi hizi zilitolewa wodini, chini ya macho ya madaktari.

Chupa ya dukani na dagaa wa sokoni

Wafanyabiashara hawakusubiri majaribio. Maduka ya dawa ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yamejaa chupa za vidonge vya mafuta ya samaki vyenye picha ya ubongo, na wauzaji huahidi kumbukumbu kwa wazee na akili kwa watoto. Hoja yao inasikika vizuri: ikiwa DHA ni malighafi ya nyuroprotektini, basi mwenye kumeza DHA nyingi atakuwa na kinga nyingi.

Hoja hiyo imepimwa. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani la watu 402 wenye Alzheimer ya kiwango kidogo na cha kati, waliopewa gramu mbili za DHA kwa siku au dawa bandia kwa miezi 18. Ugonjwa uliendelea kwa kasi ileile katika makundi yote mawili. Mwaka 2012 jaribio la Norwe kwa wagonjwa 92 wa multipo sklerosisi halikuona manufaa ya omega-3, si kwenye picha za ubongo wala kwenye idadi ya mashambulizi. Kuwa na malighafi ni jambo moja; kuwa na vimeng'enya vya kuifinyanga mahali panapotakiwa na kwa wakati unaotakiwa ni jambo jingine. Mgonjwa ambaye neva zake zimekwisha kufa hatarudishiwa na kidonge. Na molekuli zenyewe zilizokamilika, rezolvini na protektini, bado hazijawa dawa iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wowote wa neva.

Hiyo haina maana kwamba chakula hakina thamani. Mwili wa binadamu huweza kutengeneza DHA kidogo tu kutokana na mafuta ya mimea, kwa hiyo sehemu kubwa lazima iliwe. Samaki nao hawaitengenezi kwa wingi. Huipata kutoka kwenye mwani mdogo wa majini, mdudu akala mwani, dagaa akala mdudu. Utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa na watafiti wa Kiitaliano mwaka 1996, uliwalinganisha wanavijiji wa kusini mwa Tanzania wanaokula samaki wengi wa Ziwa Nyasa na jirani zao wanaoishi kwa vyakula vya mimea. Walaji wa samaki walikuwa na omega-3 nyingi zaidi katika damu, shinikizo la damu la chini zaidi na mafuta ya damu yaliyo mazuri zaidi. Utafiti huo haukupima ubongo. Lakini shinikizo la damu ndilo sababu kubwa kuliko zote ya kiharusi, na anayelishusha analinda ubongo kwa njia iliyothibitishwa, pasipo kusubiri wanakemia wamalize mabishano yao.

Kwa hiyo mwenye fedha ya chupa moja ya vidonge vya mafuta ya samaki atapata faida zaidi akiipeleka kwenye soko la dagaa, wawe wa Mwanza au wa Kigoma, kwa Wakenya omena, kwa Waganda mukene. Dagaa wana DHA, wana protini, wana kalisi, na huliwa na nyumba nzima. Mama mjamzito na anayenyonyesha wana sababu ya ziada, kwa kuwa ubongo wa mtoto hujikusanyia DHA kwa kasi kubwa kuanzia miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito.

Neno la mwisho ni kuhusu wakati, kwa sababu kila utafiti uliotajwa hapa umerudi kwenye wakati. Kifua kikuu cha ubongo hakiji kwa kishindo. Huanza na maumivu ya kichwa yasiyoisha, homa za jioni, kutapika, kukosa hamu ya kula, na mtu kubadilika tabia kwa juma moja au mawili. Mara nyingi ndugu husema ni malaria sugu, mawazo, au kitu kilichotumwa na mtu. Akifika hospitali angali anajitambua, nafasi yake ya kupona bila ulemavu ni kubwa mara nyingi kuliko ya yule anayeletwa amepoteza fahamu. Daktari akiomba kutoa maji ya uti wa mgongo, mkubalieni. Sindano ile huchukua maji kiunoni, chini ya mahali unapokomea ugwe wa neva ulio ndani ya mgongo. Wanaoiogopa hutaja waliokufa baada yake, lakini kwa kawaida hao waliuawa na ugonjwa uliokuwa umechelewa kugunduliwa. Na dawa zikianza, za kifua kikuu pamoja na steroidi, zimezwe mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa na zipunguzwe kwa utaratibu wa daktari, hata kama mgonjwa amekwisha kurudi shambani. Mafuta yasemayo basi hufanya kazi ndani ya mwili ambao bado una neva za kulinda.